Jicho Lisilouma Ndilo la Kuwahi

Jicho jekundu halikosi watetezi. Likivimba na kutoa tongotongo, mama atalikagua, jirani atauliza kulikoni, mwalimu atamrudisha mtoto nyumbani, na kabla jua halijazama mtu atakuwa ameshafika zahanati au duka la dawa. Januari 2024, Wizara ya Afya ilipotangaza kuwa macho mekundu yanasambaa, habari zilifika hadi vijiji visivyo na umeme. Ugonjwa ule ni wa virusi, unaumiza, unaambukiza, na kwa wengi hupita wenyewe.

Ninaotaka tuuzungumzie leo nao huletwa na virusi, nao hushika jicho, lakini mengine yote ni kinyume. Jicho halibadiliki rangi. Haliumi, haliwashi. Anayekutazama usoni haoni dalili yoyote. Uharibifu unafanyika nyuma kabisa, kwenye retina, ule utando mwembamba unaopokea picha na kuipeleka kwenye ubongo. Utando huo hauna mishipa ya kuhisi maumivu, hivyo unaweza kuteketea kwa wiki kadhaa huku mwenyewe yuko kibanjani anachuma kahawa.

Ugonjwa huu hauchagui mtu hovyo. Unamwendea aliyeishiwa kinga ya mwili, na kwetu Bukoba na Muleba huyo kwa kawaida ni mtu anayeishi na VVU ambaye hajaanza dawa, au alianza kisha akaacha. Kama ni wewe, au ni mtu wa nyumbani kwako, endelea kusoma. Neno langu ni moja: usisubiri jicho liume.

Kwa nini hatukuujua

Kagera haijakosa majina ya maradhi yanayoambatana na UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza nchini, watatu, waliripotiwa mkoani humu mwaka 1983, na jina la Hospitali ya Ndolage, kule Kamachumu, limebaki katika simulizi hiyo hadi leo. Wazee wanakumbuka ugonjwa ulipoitwa Juliana, kwa jina la nguo zilizokuwa zikivushwa na wafanyabiashara wa mpakani. Uchunguzi wa mwaka 1987 ulikuta kuwa mjini Bukoba watu wazima 24.2 kati ya kila 100 wana virusi. Kufikia 1996 walikuwa wameshuka hadi 13.3. Katika miaka hiyo tulijifunza kukonda, mkanda wa jeshi, kifua kikuu, utando mweupe mdomoni. Upofu haukuwa katika orodha yetu.

Huko Marekani na Ulaya ulikuwamo. Kabla ya dawa za mseto kuanza kutumika katikati ya miaka ya 1990, karibu theluthi moja ya wagonjwa wa UKIMWI wa huko walipatwa na ugonjwa huu wa retina. Hospitali zao ziliweza kuwavusha katika nimonia na maradhi mengine, wakaishi hadi kinga ilipobaki karibu sifuri, na hapo ndipo kirusi cha jicho hupata nafasi. Wa kwetu wengi hawakufika huko. Kifua kikuu, kuhara na homa ya uti wa mgongo viliwatangulia. Na aliyefifia macho katika siku zake za mwisho, ni nani alikuwa na kifaa cha kumchungulia?

Sasa mambo yamegeuka. Dawa za kufubaza virusi, ARV, zilianza kutolewa kwa mpango wa taifa mwaka 2004, na tangu mwishoni mwa 2016 anayekutwa na VVU huanzishiwa dawa bila kusubiri kinga ishuke. Kwa anayezimeza vizuri, ugonjwa huu ni hadithi ya mbali. Wanaobaki njiapanda ni makundi mawili: aliyechelewa kupima, na aliyeacha dawa kisha akarudi akiwa hoi. Wa pili ndiye ananitia wasiwasi zaidi, kwa sababu mara nyingi hurudi kwa aibu na hasemi yote.

Kirusi kilicholala

Kirusi chenyewe kinaitwa saitomegalo, kwa kifupi CMV. Ni cha ukoo mmoja na kirusi cha tetekuwanga na mkanda wa jeshi. Wengi wetu tulikipata utotoni, kwa mate na kwa maziwa ya mama, kikajilaza mwilini bila kutusumbua. Kwa hiyo hakuna haja ya kumtengea mgonjwa sahani wala kikombe. Uwezekano ni mkubwa kwamba wewe unayemtengea unacho pia, tofauti ikiwa tu kwamba mwili wako bado una mlinzi.

Mlinzi huyo hupimwa kwa chembe za CD4. Mtu mwenye afya huwa nazo kuanzia 500 kwenda juu katika tone moja dogo la damu linalopimwa maabara. Zikishuka chini ya 200, huo ni ugonjwa uliokomaa hata kama mtu anatembea. Kirusi cha jicho kwa kawaida huamka zikiwa chini ya 50. Ndiyo maana mtu anayerudi kliniki asiridhike na kupimwa uzito na kupewa chupa ya dawa. Aulize: "CD4 yangu ni ngapi?"

Wanaoishi na VVU si peke yao. Aliyepandikizwa figo, huduma iliyoanza Muhimbili mwaka 2017, anayetibiwa saratani kwa dawa za dripu, na anayemeza prednisoloni kwa dozi kubwa miezi mingi, nao kinga yao hupunguzwa na tiba. Wakiona mabadiliko ya macho, ushauri huu unawahusu.

Mgonjwa anaona nini

Usiku wa Novemba taa ikiwaka, kila mtu wa Kagera anajua senene wanavyorukaruka mbele yake. Mgonjwa wa retina huona kitu cha namna hiyo mchana kweupe: vidoti vyeusi, nyuzi, masizi yanayoelea, na akiyafuata kwa jicho yanahama. Wengine huona cheche au kimulimuli pembeni. Wengine huona ukungu usiopanguswa kwa leso.

Dalili ya hatari zaidi ni ile ya kupotea kwa kipande. Unamtazama mtu, unaona paji la uso lakini mdomo haupo. Bega linagonga mwimo wa mlango uliopita miaka ishirini. Unamimina chai, inamwagika nje ya kikombe. Na pazia jeusi likishuka upande mmoja wa jicho, retina inaweza kuwa imebanduka. Hiyo ni safari ya siku hiyo hiyo, usingoje gulio lipite.

Ila wapo wengi wasioona dalili yoyote mwanzoni. Ugonjwa huweza kuanzia pembezoni mwa retina, mahali tusipopatumia kusoma wala kutambua sura, na mara nyingi huanza na jicho moja huku jicho zima likibeba kazi za yote mawili. Ndiyo maana nakuomba ujifunze kipimo hiki kisichogharimu hata senti.

Chagua siku moja ya wiki, tuseme Jumapili baada ya ibada au Ijumaa baada ya swala. Kaa mbele ya kalenda ya ukutani, mahali pale pale kila wiki, kwenye mwanga wa kutosha. Kama unavaa miwani, vaa. Funika jicho la kushoto kwa kiganja bila kulibonyeza, kaza jicho la kulia kwenye tarehe ya katikati. Je, pembe zote nne za kalenda zinaonekana? Mistari imenyooka? Kuna mahali pamefifia au pametobolewa? Kisha mtu akae mbele yako akuonyeshe vidole juu, chini, kulia na kushoto, nawe uvihesabu bila kuhamisha jicho. Badilisha jicho, rudia. Tofauti yoyote na wiki iliyopita inakupeleka hospitali. Lakini kipimo kikiwa safi hakimpi ruhusa mwenye CD4 chini ya 100 kukwepa daktari wa macho. Huyo atazamwe retina hata kama anaona vizuri.

Ukifika, sema hivi

Watu wetu wana heshima, na heshima hiyo hutuponza mbele ya daktari. Tunasema, "Macho yananisumbua kidogo," tunapewa dawa ya matone, tunashukuru, tunarudi nyumbani. Matone hayo hutibu mbele ya jicho. Nyuma hayafiki.

Sema hivi: "Ninaishi na VVU. Niliacha dawa miezi minane. Tangu wiki iliyopita jicho la kushoto linaona vidoti na upande wa chini umefifia. Naomba nipimwe CD4, na naomba retina itazamwe." Sentensi nne tu. Ukiogopa kuzisahau, ziandike nyuma ya kadi yako ya CTC, yaani kliniki ya tiba na matunzo kwa wenye VVU. Na hiyo miezi uliyoacha, itaje ilivyo. Mhudumu anayedhani unameza kila siku atatafuta tatizo kwingine.

Anza kwenye CTC yako, kwa kuwa ndiko kumbukumbu zako ziliko. Walio Muleba wana hospitali za Ndolage, Rubya na Kagondo. Walio Bukoba wana Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Ikihitajika huduma ya juu zaidi, hospitali mojawapo ya rufaa ya kanda ni Bugando, Mwanza, na meli ya usiku kutoka Bukoba au Kemondo huwafikisha wengi bila kutikiswa barabarani. Kabla hujatoa nauli, mwombe mhudumu wa CTC apige simu aulize mambo mawili: mtaalamu wa macho yupo siku ipi, na dawa ya ugonjwa huu ipo au lazima itafutwe. Simu moja huokoa safari mbili.

Siku ya kutazamwa, nenda na mtu. Utawekewa matone ya kupanua mboni, na kwa saa kadhaa utaona ukungu na jua litakuchoma macho. Usiendeshe bodaboda kurudi. Beba kofia, kadi ya CTC na dawa zote unazomeza, pamoja na za kienyeji. Daktari atachungulia kwa taa na lenzi. Penye ugonjwa ataona madoa meupe yaliyochanganyika na damu kando ya mishipa, mfano wa ugali uliomwagikiwa mchuzi wa nyanya. Hakikisha ametazama macho yote mawili, hata kama unalalamikia moja.

Si kila giza ni CMV, na hilo ndilo linalofanya kubahatisha kuwe hatari. Kaswende huingia kwenye retina, na ina tiba yake. Kuumwa kichwa kusikokoma pamoja na macho kufifia huweza kuwa fangasi wa uti wa mgongo, ambaye huua haraka. Anayemeza dawa za kifua kikuu akaanza kuchanganya rangi nyekundu na kijani aripoti mara moja, maana ethambutoli huweza kuudhuru mshipa wa jicho. Mkanda wa jeshi ukitokea kwenye paji la uso au ncha ya pua, jicho liko hatarini, na tiba yake inataka kuanza ndani ya siku tatu. Nyama inayoota kwenye weupe wa jicho na kukua nayo isionewe haya, kwani kwa wenye VVU huweza kuwa saratani.

Tiba, na ukweli wake

Tiba ina sehemu mbili, na hakuna inayoweza kuachwa. Ya kwanza hukizuia kirusi cha CMV chenyewe. Dawa inayopendelewa ni vidonge vya valgansiklovia, ambavyo Shirika la Afya Duniani liliviingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2015. Kwa mtu mzima mwenye figo nzuri, dozi ya kawaida ni miligramu 900 asubuhi na 900 jioni kwa siku 21, kisha 900 mara moja kwa siku. Vinamezwa na chakula, havitwangwi wala kuvunjwa. Hupunguza chembe za damu, kwa hiyo kipimo cha damu hurudiwa, na huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Mama mjamzito, au anayetarajia, amwambie daktari kabla ya kidonge cha kwanza. Na wanaume pia watumie kinga kwa muda watakaoelekezwa.

Vidonge vikikosekana, daktari wa macho anaweza kuchoma gansiklovia ndani ya jicho. Najua neno hilo linavyotisha. Jicho hutiwa ganzi kwanza, sindano ni nyembamba, na kazi ni ya dakika chache. Kasoro yake ni kwamba hulinda jicho lile tu na inabidi kurudia mara kwa mara. Jicho la pili na mwili mzima vinabaki bila ulinzi wa dawa hiyo.

Dawa hizi ni ghali na hazipo kila mahali. Usiondoke kimya ukisikia bei. Pita ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali ueleze hali yako, na muulize daktari njia nyingine iliyopo pale. Familia ikikaa kujadili kuuza ndizi au kukopa kwenye kikundi, ijue kuwa muda wa kuamua ni siku, si misimu.

Sehemu ya pili ni ARV. Valgansiklovia huzuia moto usisambae, lakini mlinzi wa kudumu ni kinga yako. Daktari ndiye hupanga siku ya kuanza au kurudia ARV, na dawa ya CMV huendelea mpaka CD4 zipande juu ya 100 na zikae hapo miezi kadhaa.

Hapa kuna mtego uliowaangusha wengi. Kinga inaporudi, hukikuta kirusi jichoni na kupambana nacho, na vita hiyo huweza kuleta ukungu mpya. Mgonjwa husema, "Tangu nianze hizi dawa ndiyo naona vibaya zaidi," akaziacha. Usiache. Rudi kliniki, kwani hali hiyo ina tiba yake.

Na ukweli mchungu usemwe: sehemu ya retina iliyokwisha kufa hairudi. Tiba huokoa iliyobaki. Anayefika akiwa amepoteza robo atabaki na robo tatu, na robo tatu zinatosha kuchambua kahawa, kusoma ujumbe wa simu na kuvuka barabara. Anayesubiri mwezi mzima huenda asikute cha kuokoa.

Yanayotupotezea wiki

Tusitie jichoni maji ya majani, maziwa ya mama wala mkojo. Hayafiki kwenye retina, ila yanaweza kuunguza uso wa jicho na kumwachia daktari magonjwa mawili. Tusinunue miwani ya mnadani kwa ajili ya ukungu ulioanza wiki jana. Tusinunue matone bila kupimwa. Mengine yana steroidi, na kwenye jicho lenye maambukizi huzidisha balaa.

Na tusiache dawa kwa sababu mtu ametuambia tumepona. Mwaka 2011 umati ulikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha shilingi 500, na wapo walioweka ARV kando. Leo si lazima kusafiri mbali hivyo; tangazo la muujiza linakufuata kwenye simu. Omba, uombewe, na umeze dawa saa ile ile. Kiongozi wa dini anayekupenda hatakasirika ukienda kupima wingi wa virusi kwanza.

Kwa wavuvi wa Bumbire, Goziba na visiwa vingine vya Muleba, wengi hawaachi dawa kwa ukaidi. Huishiwa. Dagaa wakihama, kambi inahama, na kadi imebaki nchi kavu. Aliye imara aulize kituo chake kuhusu dawa za miezi mitatu au sita. Chupa ikae kwenye mfuko usioingiza maji, kadi ipigwe picha kwenye simu, na ukikwama ugenini ingia CTC iliyo karibu ujieleze kabla kidonge cha mwisho hakijaisha. Ukishaacha, rudi hata kama umeacha mwaka. Kugombezwa na muuguzi kutaisha siku hiyo hiyo.

Kwa walio nyumbani

Mgonjwa ni wa mwisho kujua kwamba haoni. Ubongo huziba pengo kwa kubahatisha, naye huamini yuko sawa. Wanaogundua ni walio karibu: mke anayemwona akigeuza kichwa kama kuku ili aone, mtoto anayemwona bibi akipapasa kijiko kilicho mbele yake.

Msimtanie. Shangazi aliyerudi kutoka mjini amekonda, anayemimina chai nje ya kikombe, huenda hajalewa rubisi wala hajazeeka ghafla. Futa meza, mketishe mbele ya kalenda, mfunike jicho moja kwa kiganja chako mwenyewe, umuulize anaona tarehe ngapi. Kisha la pili. Akisita, kesho asubuhi mwende naye CTC.